Mbingu ya Recho

Mimi simpendi Recho, na nalisema mapema ili mtu asije akanisikiliza mpaka katikati halafu aanze kunikata jicho. Ni mke wa mdogo wangu Leonardi, kwa hiyo ni wifi yangu, na wifi huchagui kama unavyochagua kitenge dukani. Unaletewa. Mimi niliyeletewa ni huyu: mrefu, mwembamba, kicheko kikubwa kuliko kifua chake, na simu mkononi asubuhi mpaka jioni kama vile alizaliwa nayo. Tangu siku ya kwanza nilitaka kitu kimoja tu, arudi kwao.

Kwao ni Ilagala, kule mto Malagarasi unakomwagika ziwani. Mama yake, Candide, alivuka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, akalima mihogo, akaolewa hapohapo. Ukimwita Recho Mrundi, anakujibu taratibu kwamba yeye ni mtu wa Ilagala, kazaliwa Ilagala, kabatizwa Ilagala. Mimi nilikuwa namwita Mrundi makusudi. Yeye ananikera, mimi namkera, ngoma droo.

Leonardi ni fundi wa mashine za boti. Alikaa bila mke mpaka nywele zikaanza kumtoka utosini, na miaka yote hiyo alikula kwangu Katubuka. Anatoka kazini mikono inanuka petroli, anakuja, anakaa kwenye kigoda pale jikoni, anakula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, ananisimulia nani kauza boti, nani kazimikiwa mashine katikati ya ziwa. Hakuna kitu chake nilikuwa sikijui. Halafu akaenda Ilagala kutengeneza mashine ya mtu, akarudi na mchumba. Hata harusi haijapoa, akaacha kuja kula. "Dada, Recho amepika." Basi! Kila siku Recho amepika. Nilimlea mimi yule, nilimbeba mgongoni mama alipokuwa shambani, leo ananiambia Recho amepika. Niliumia, tena sana, na sioni kwa nini nilifiche.

Akamjengea Bangwe, juu kabisa mlimani, mahali ambapo hata maji ya bomba yanakataa kupanda, eti kwa sababu mwanamke anataka kuliona ziwa. Ziwa liko palepale tangu tuzaliwe, lingekwenda wapi? Na simu akamnunulia, kubwa, yenye kamera tatu mgongoni. Yeye mwenyewe Leonardi alibaki na kitochi chake cha kubonyeza, kimefungwa raba ili betri isidondoke.

Simu hiyo ndiyo ilimtoa mwanamke akili. Angekuwa anapiga picha kama watu, anasimama, anashika kiuno, anapigwa, yameisha, nisingesema neno. Lakini Recho lazima aichezee. Kuna ile ya kuzungusha simu polepole ili uwanja mzima utoke kwenye picha moja ndefu. Recho anasimama mwanzo wa uwanja, simu ikishampita anakimbia nyuma ya mpigaji, anakwenda kusimama mwisho. Picha ikitoka, kuna Recho wawili. Jamani, mmoja alikuwa ameshatushinda, yeye anaongeza wa pili! Kuna ya kufuta rangi zote, dunia nzima inakuwa ya majivu, kinabaki kitenge chake tu chekundu. Kuna ya kurusha konzi ya dagaa hewani huku simu inapiga mfululizo, ukitazama unaona dagaa wananyesha kutoka juu na yeye kasimama katikati amefumba macho. Chakula cha watu kile.

Na kuna ya kubandika mbingu. Unapiga picha mchana wa kawaida, simu inaiondoa mbingu iliyopo, inakuwekea unayoitaka wewe: yenye nyota, yenye upinde wa mvua, yenye miezi mitatu. Nilimwona kabandika jua linazama kwenye picha ya mbuzi wa jirani. Mbuzi amesimama pale kama mfalme wa kitu gani sijui.

Lakini iliyonipandisha presha ni ya kiganja. Leonardi alisimama mbali, kule chini kwenye mteremko, Recho akasimama karibu na simu, akanyoosha mkono. Ikatoka picha ya mdogo wangu, mtu mzima, fundi anayeheshimiwa mwalo mzima, amekuwa mdogo kama punje ya karanga, amesimama kwenye kiganja cha mke wake. Na anacheka! Nikapanda mlima siku hiyohiyo na magoti yangu haya.

"Recho," nikamwambia, "mume wako ni kikaragosi?"

"Hapana, dada. Shikamoo. Ni mchezo wa kamera tu. Njoo na wewe nikupige, nikuweke juu ya paa."

"Mimi nikae juu ya paa, mimi bundi?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuwa nimemchekesha. Nikashuka zangu nikiwa nimekasirika kuliko nilivyopanda, na nilipofika nyumbani nikamwambia mama, huyu mwanamke amemkalia mdogo wangu kichwani na simu imetoa ushahidi. Mama yangu, Eufrasia, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni vizuri. Akaniuliza tu kama kwenye picha Leonardi alionekana amenenepa.

Sasa niwaeleze habari ya kuanika, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini wanawake wa mwalo mzima walitaka kumla Recho mbichi.

Sisi tunaanika dagaa. Asubuhi maboti yakishashusha, tunanunua, tunatandaza kwenye vichanja pale mwaloni Bangwe, halafu kila mtu anarudi kwake. Wengi wetu tunatoka Katubuka, na nyumbani kuna kufua, kuna kupika, kuna wagonjwa. Huwezi kukaa ufukweni kutwa nzima unamtazama dagaa anakauka. Msimu wa kiangazi hakuna shida. Msimu wa mvua ndipo panapochimbika. Dagaa aliyekauka nusu akilowa, basi tena, anavunda, anaingia funza, anabaki chakula cha kuku. Na mwalo wetu uko nyuma ya mlima. Mvua inayotoka ng'ambo, kwenye milima ya Kongo, hatuioni mpaka iwe imeshatukalia.

Anayeiona ni nani? Si huyo aliyejengewa juu mlimani? Veneranda, mkubwa wetu pale mwaloni, ndiye aliyemwomba. Basi kila siku adhuhuri Recho anatoka uani kwake, anaelekeza simu Kongo, anapiga mbingu, anaitupa kwenye grupu letu la wasapu. Haandiki neno. Nusu yetu hatuna macho ya kusoma vile viherufi, na wengine shule iliwapita mbali, kwa hiyo tulikubaliana hivyo, picha peke yake inatosha. Mbingu safi, kaa nyumbani endelea na shughuli zako. Mbingu nyeusi, rukia bodaboda, kimbia Bangwe ukafunike turubai. Anayepokea picha kwenye simu yake anampigia kelele jirani asiye na simu. Ikawa desturi yetu. Watu wakikutana sokoni wanaulizana, "Mbingu imekuja?" kama wanavyouliza habari za nyumbani.

Na niseme, hata kama ulimi unaniuma: kwenye picha zile Recho hakuwa na utani. Michezo yake yote aliifanya pembeni, ya mbingu alituma mbingu. Hakuwahi kutukosesha.

Mpaka Alhamisi ile.

Picha ilikuja wakati wake. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachagua maharage. Nikafungua. Mara hii na yeye mwenyewe yumo: kasimama uani kwake na kitenge chekundu, kainua mikono juu kana kwamba ameibeba mbingu, kichwa nyuma, mdomo wazi anacheka. Nyuma yake mbingu ya buluu imetakata, na vijiwingu vyeupe vidogo vimejipanga. Mtu wa mahali pengine angetazama picha ile angeona mwanamke anajidai na simu. Sisi nani alimtazama Recho? Macho yetu yalishazoea, yanamruka mtu, yanakwenda moja kwa moja nyuma yake. Nilisonya, nikasema huyu sasa kaanza kujitia na yeye, nikaitazama mbingu, nikaona safi, nikarudi kwenye maharage. Veneranda vilevile, na wenzetu wote.

Sikuyamaliza maharage. Nilisikia bati linalia, nikadhani ni watoto wanarusha mawe.

Nilitoka mbio. Mwenye bodaboda akasema mvua hii hapandi mtu, nikamtukana, nikaenda kwa miguu, natumbukia kwenye madimbwi, kilemba kimeshaondoka na upepo. Nilipofika Bangwe kulikuwa na vilio. Maji yanashuka mlimani na matope, yanapita chini ya vichanja na juu ya vichanja, dagaa wanateremka nayo mchangani, wengine wanaingia ziwani walikotoka. Veneranda alikuwa amekaa kwenye mchanga, miguu kainyoosha mbele, analia kama mtu aliyefiwa. Yule mama ana wajukuu watano wanaokula kupitia vichanja vile.

Na Recho alikuwepo. Alishafika kabla yetu. Alikuwa amepanda juu ya kichanja cha Veneranda anahangaika na turubai peke yake, upepo unamnyang'anya, mguu mmoja hauna kandambili, goti linavuja damu. Vichanja vyake mwenyewe, maana na yeye anaanika kama sisi, vilikuwa wazi, dagaa wake wote wamekwenda na maji. Nikamwona mnafiki. Nikajisemea, huyu amewaacha wake walowe makusudi ili tumwonee huruma.

Nikamvuta kitenge, akateremka. Nikamwekea simu usoni.

"Hii ndiyo mbingu uliyotutumia?"

Simu yake hakuwa nayo. Aliishika yangu kwa mikono miwili, akapangusa maji kwenye kioo, akaitazama. Alitazama muda mrefu. Nikaona uso unambadilika.

"Hii si mbingu ya leo," akasema. "Imebandikwa."

"Imebandikwa! Mmemsikia? Imebandikwa! Recho, umeibandika kwa nini?"

Akaangalia wanawake waliomzunguka, mmoja mmoja.

"Nisameheni," akasema.

"Nakuuliza, umeibandika kwa nini?"

"Nisameheni."

Na sisi hatukumsamehe.

Leonardi hakuwepo. Mchana uleule, kabla mvua haijaanza, alikuwa amepanda gari la mizigo kwenda Ilagala, mtu alimwita kwa ajili ya mashine mbili zilizokufa. Sikumpigia simu. Nilitaka akirudi akute shauri limeshaiva, imebaki kupakua.

Wiki nzima iliyofuata tulimwonyesha Recho rangi zote. Alipokuja mwaloni asubuhi alikuta tumeshawaambia wenye maboti wasimuuzie, na hawakumuuzia. Akikaa kwenye jiwe, waliokaa wanainuka. Kichanja chake kimoja kilikutwa kimepinduliwa miguu juu. Ndoo nzima ya dagaa waliovunda ilimwagwa mlangoni kwake, na funza wake, na maji yake. Msiniulize alimwaga nani. Kwenye grupu tulimtoa, halafu tukatuma sauti za kumsema, na kuna aliyekwenda kumsikilizisha. Walisema ni mchawi wa mbingu. Walisema Warundi ndivyo walivyo. Hilo la Warundi nilisema mimi.

Na yeye je? Anapita, anasema, "Mwakeye." Salamu yetu ile ya asubuhi, kwa sauti ileile, kwa kila mtu, hata kwangu. Mimi mtu nikimtukana nataka anitukane, tumalizane, kila mmoja abaki na vidonge vyake. Huyu unamtukana anakusalimia!

Nikaenda kwa baba mdogo Gervasi, ndiye tuliyebaki naye upande wa baba. Nikamwambia, baba, huyu mwanamke amewatia njaa watu, ametuaibisha, anamfanya Leonardi punje ya karanga, tumrudishe kwao. Baba mdogo hapendi maneno mengi. Akasema kama ni kweli alibandika mbingu na hataki kusema sababu, basi ana lake jambo, na atarudi Ilagala. Tukapanga kikao Jumapili, kwangu, baada ya misa. Usiku wa kuamkia siku ile nililala vizuri kuliko wiki nzima.

Sebule yangu si kubwa. Baba mdogo alikaa kwenye kochi, mama pembeni yake, Veneranda akaja kuwasemea wanawake wa mwalo. Recho alikaa kwenye mkeka ukutani, kafunga kitenge cha kawaida, mikono mapajani. Leonardi aliingia wa mwisho, ametoka Ilagala moja kwa moja, begi begani, makucha meusi kwa grisi. Akasalimia, akaangalia watu, akamwangalia mke wake, akauliza, "Kuna msiba?"

"Kaa," nikamwambia. "Utaujua."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa, na nilisema vizuri, nisijinyime haki yangu. Nikaanza na simu, nikaja kwenye Recho wawili, kwenye kiganja, kwenye mbuzi. Nikasema mtu anayechezea sura ya mume wake atashindwa nini kuchezea riziki za watu. Nikaeleza mvua, nikaeleza Veneranda alivyokaa mchangani. Veneranda akatikisa kichwa, machozi yakamlenga. Nikasema, "Tumemuuliza kwa nini aliibandika mbingu ile, mpaka leo hajibu. Anatuona wajinga. Mimi ninachotaka, na nasema mbele ya mume wake, arudi kwao Ilagala, na arudi kesho."

"Recho," baba mdogo akasema, "una la kujibu?"

"Sina, baba."

Leonardi alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Mbingu gani? Mnazungumza habari ya mbingu gani?"

Simu ikaanza kuzungushwa. Baba mdogo akaitazama, akampa Veneranda, Veneranda akampa mama. Mama akaisogeza mpaka puani, hakuona kitu.

"Nielezeni mimi," akasema. "Yukoje humo?"

"Amesimama uani, mama," nikamwambia, "anajidai, kainua mikono."

"Yote miwili?"

"Ego, mama. Yote miwili."

"Sasa simu kaishika nani?"

Mimi nikasema haraka kwamba huwa anaiegemeza kwenye ndoo, nimemwona kwa macho yangu. Lakini Leonardi alikuwa ameshanyoosha mkono akaichukua simu. Akaitazama. Na mbele ya kikao kile, katikati ya shauri lile, mdogo wangu akatabasamu.

"Hii?" akasema. "Hii nimeipiga mimi. Na mbingu nimeiweka mimi. Recho alikuwa ananifundisha asubuhi ile, nikaijaribu, ikakubali."

"Na aliyeituma?" baba mdogo akauliza.

"Mimi. Recho alikwenda kusaga mahindi, simu akaiacha kwenye chaji. Nikaona adhuhuri imefika na hajarudi, na mimi najua kila siku wakati ule huwa anawatumia kina mama picha. Nikasema wasikose, ngoja niwatumie ile nzuri tuliyopiga. Halafu gari likaja, nikaondoka."

"Leonardi," Veneranda akasema polepole, "wewe unajua zile picha ni za nini?"

Leonardi akamwangalia. Akaniangalia mimi.

"Si salamu? Nilidhani mnapenda kuangalia mbingu."

Baba mdogo akacheka. Yule mzee huwa hacheki. Alianza tumboni, kochi likatikisika, akasema, "Wee Leonardi! Na upara wako huo! Salamu!" Mama akashika mbavu. Veneranda aliyekuwa na machozi ya kulia akaanza kutoa ya kucheka, anampiga Leonardi begani, "Kumbe baba ndiye uliyetunyeshea!" Hata mimi kilinitoka. Nisidanganye, alivyosema lile neno alikuwa na uso uleule wa utotoni alipovunja chungu cha mama, na nilikuwa nampenda siku zote akiwa na uso ule.

"Basi, yameisha," baba mdogo akasema, anajifuta macho. "Ni bahati mbaya, mwanamume hajui mambo ya kina mama. Marcelina, tuletee chai."

Marcelina ni mimi. Nikainuka kwenda jikoni. Na Recho akainuka.

"Baba," akasema, "ilipokuwa mimi, nilikuwa narudi Ilagala kesho. Imekuwa yeye, mnakunywa chai."

Hakupaza sauti. Kicheko kikakatika.

"Recho, mwanangu, kaa," baba mdogo akasema.

"Nimekaa, baba. Wiki nzima nimekaa. Mvua ni ileile, dagaa ni walewale. Mimi nimeitwa mchawi. Samaki waliooza nimezoa mlangoni kwa mikono yangu, na funza. Kumbe ni jambo la kuchekesha, sikujua."

"Ungesema!" nikamwambia kutoka mlangoni. Niliona kama ananibambikia mimi mambo yote. "Ulikuwa na mdomo, kwa nini hukusema ni Leonardi?"

Akanigeukia. Tangu nimjue sikuwahi kumwona ananitazama vile, bila heshima hata ya kukopa.

"Nikuambie wewe, dada, kwamba ni mdogo wako? Ungeniamini?"

Nisingemwamini, ningesema anamsingizia. Na kila mtu mle ndani alijua hivyo. Na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alinijua kiasi kile na mimi yeye sikumjua.

"Samaki gani waliooza?" Leonardi akauliza.

Veneranda akaanza kukunja ncha ya kitenge chake. Leonardi akamtazama mke wake, akatazama watu wote, macho yakaja kutua kwangu.

"Dada?"

"Mimi sijui," nikasema.

Yule mtoto nimembeba mgongoni. Nikidanganya anajua, sikuzote amekuwa anajua. Akanitazama mpaka nikaangalia pembeni, mimi, ndani ya nyumba yangu.

"Uamuzi wenu wa kwanza ulikuwa mzuri," Recho akasema. "Narudi kwetu." Akachukua kandambili zake mlangoni, akapita karibu yangu, akatoka.

Begi la Leonardi lilikuwa bado sakafuni, hajalifungua. Akaliinua, akalirudisha begani.

"Leonardi, wewe unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Mwache atangulie apunguze hasira. Nimepika."

"Kwaheri, baba. Kwaheri, mama," akasema, akatoka nyuma ya mke wake. Mimi hakuniaga.

Nilidhani ni hasira za siku mbili. Nilijua watafika pale mlimani, watanuniana, Recho atabandika jua kwenye kitu, yataisha. Jumanne asubuhi nikashuka mwaloni kununua dagaa, nikakuta boti imefungwa ufukweni na ndani yake kuna godoro, kuna sufuria zimefungwa kwenye shuka, kuna sanduku la vifaa vya Leonardi. Recho amekaa katikati, kashikilia meza isiyumbe. Wanawake wamesimama na mabeseni yao, hakuna anayenunua.

Veneranda aliingia majini mpaka magotini. Nilimsikia anaomba msamaha, anasema walisikiliza maneno. Akasema maneno ya nani, na alisema nikiwa nasikia. Recho alimpa mkono, akampokea vizuri.

"Na mbingu, Recho?" Veneranda akamuuliza. "Nani atatuangalizia?"

"Mlima upo," Recho akasema. "Pandeni wenyewe."

Leonardi alikuwa nyuma anafunga mpira wa mafuta kwenye mashine. Nikasogea mpaka maji yakaniloweka gauni. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuja nayo yote kifuani, na yaliyotoka siyo niliyoyataka.

"Mashine za Bangwe atatengeneza nani?"

"Mafundi wapo, dada," akasema bila kuinua kichwa.

Akavuta kamba mara moja, mashine ikawaka. Mashine anazozitengeneza yeye hazisumbui. Boti ikageuka, ikashika njia ya kusini, na mimi nikabaki nimesimama ndani ya maji nikisubiri ageuke anipungie, mpaka sauti ya mashine ikapotea. Wenzangu walisharudi kwenye vichanja.

Nikatoka majini, nikaenda kusimama karibu na Veneranda. Hakunitazama.

"Nilitaka aende Recho," nikamwambia.

"Si ameenda," akasema, akainama kugeuza dagaa wake.